Mtambo wa Gongo Chuoni Nandambi

Maabara ya Chuo cha Ualimu Nandambi ilitupwa shimoni Jumatano moja asubuhi, na aliyeitupa alikuwa Rosalia, mpishi wa chuo. Aliitupa kwa vikapu viwili, huku anaimba, tena kwa nia njema kabisa.

Wageni walikuwa wanakuja. Na mgeni huku Kusini anapokewa hivi: unafagia mpaka mchanga ubaki na mistari ya ufagio, unapaka chokaa, na kila kilichovunjika unakiondoa machoni, mgeni asije akadhani ametembelea jalala. Rosalia akaingia chumba cha mwisho, kile ambacho Mwalimu Likwata hakupenda mtu akiguse, akakuta nini? Chupa za dawa zilizokatwa shingo. Vioo vya taa vyenye masizi. Mabua ya mpapai yaliyounganishwa kwa nta. Spoku za baiskeli, vifuu, makopo ya maziwa yaliyotobolewa matundu, betri zilizopasuliwa matumbo.

"Maria Mtakatifu!" akasema. "Na huyu mwalimu eti ni msomi!"

Akazoa vyote akavimwaga katika shimo la choo cha zamani. Wanakijiji waliokuja kujitolea wakafukia, wakashindilia kwa miguu. Rosalia akarudi kupaka chokaa, na chumba kikawa cheupe kama yai.

Saa mbili Mwalimu Likwata akatokea. Alikuwa kijana wa Kimwera, mwembamba, mwenye suruali moja nzuri, na siku hiyo alikuwa ameivaa.

"Mama Lusia, vitu vyangu viko wapi?"

"Vitu gani, Mwalimu? Uchafu nimeutoa wote. Ingia uone kunavyong'aa."

Likwata akaingia, akatoka, akakaa juu ya kinu kilichokuwa nje ya jiko. Hakufoka. Heri angefoka, Rosalia angejua la kujibu.

"Mama Lusia," akasema polepole, "ile ndiyo maabara."

"Maabara ipi?"

"Hiyo uliyoitupa. Ndiyo vifaa vya sayansi. Tumevitengeneza mwaka mzima, mimi na wanafunzi. Hao wageni wanakuja kuviona hivyo."

Rosalia akatazama mikono yake yenye chokaa. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, Mmakonde wa Newala, mwenye ndonya aliyoiacha zamani na tundu lake bado kwenye mdomo, na katika maisha yake hakuwahi kukosa neno. Siku hiyo aliifuta tu mikono kwenye aproni.

Ili uelewe uzito wa jambo lenyewe, ni hivi. Enzi za mkoloni shule zilikuwa za namna tatu: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika. Nandambi, ndani huko njia ya Rutamba, kilikuwa chuo cha Waafrika. Kilipewa jembe, randa na kitabu cha sala. Sayansi waliambiwa haiwafai, itawavuruga vichwa. Uhuru ukaja ukafungua milango, mtoto yeyote akaruhusiwa kukaa darasa lolote. Lakini mabomba ya maji hayakuhama, wala sinki, wala meza za marumaru. Yalibaki mjini Lindi, kwenye shule ileile yalikofungwa. Likwata mwenyewe alijifunza sayansi kwa kuangalia picha za vitabuni, na katika mtihani alichora jiko la gesi ambalo hajaliona mpaka leo.

Sasa mwaka huo, wa tisa wa Uhuru, vyuo vya watu weusi wa Amerika vilichanga vikaanzisha mfuko. Vyuo hivyo navyo vilijengwa kwa sababu watu weusi walikatazwa vingine. Mfuko ukaleta masanduku ishirini na manane ya vifaa vya sayansi: darubini, mizani, vioo vya kila umbo. Yalikuwa tayari yako ghalani Lindi. Yangekwenda kwenye chuo kilichokuwa cha Waafrika, ila kwa sharti kwamba mjumbe wa mfuko ajionee kwa macho yake kuwa sayansi inafundishwa pale kweli. Na katika kamati ya kugawa alikuwamo bwana mmoja, Ndugu Tomaso, aliyekuwa anasema tangu mwanzo: yaende shule ya mjini, kuna bomba.

Bila masanduku, mkondo wa sayansi Nandambi ungefungwa mwezi wa kwanza. Wavulana wangerudishwa useremala, wasichana ushonaji. Lusia, binti wa Rosalia, alikuwa mmoja wa wasichana wanne katika mkondo huo. Alikwisha kumwambia mama yake: "Mama, mimi sindano sitaki. Wakinipa sindano natoroka."

Rosalia akachukua jembe. "Nitafukua," akasema.

"Shimo la futi kumi na mbili, Mama Lusia? Na vioo vile vimeshakuwa unga."

Honi ikalia njiani.

Likatokea Landrova. Mzee Huseni, mjumbe wa nyumba kumi, akatoka mbele na kanzu yake iliyopigwa pasi ya mkaa, akaenda moja kwa moja kwa mtu mweupe aliyeketi mbele, akampa mkono wa karibu kwa adabu zote. Kumbe yule alikuwa Mgiriki wa shamba la mkonge, anashukia hapo hapo, aliomba lifti tu. Mjumbe wa mfuko alikuwa nyuma: mwanamke mweusi, mfupi, mnene kidogo, amevaa miwani na viatu vya kiume. Alikuwa Daktari Lavinia Pruti.

"Huyu ndiye Mmarekani?" Mzee Huseni akamnong'oneza Rosalia. "Mbona kama shangazi yangu wa Mchinga?"

"Nyamaza, baba. Mpe kiti."

Baada yake wakashuka Ndugu Tomaso, amevaa suti ya kaunda na kubana faili kwapani, na askari polisi mmoja, Leonadi, aliyekutwa njiani akirudi Lindi kutoka Rutamba, akapewa nafasi garini mpaka litakaporudi mjini. Leonadi hakuwa na habari na sayansi. Aliuliza kama kuna chai.

Wakapelekwa chumba cheupe. Daktari akasimama katikati, akageuka huku na huku. Kuta nyeupe, sakafu iliyofagiwa, meza moja, juu yake kitambaa cha kudarizi ambacho Rosalia alikitandika mwenyewe. Akasema Kiingereza, Likwata akafasiri.

"Anauliza, viko wapi vifaa mlivyoviandika katika barua?"

Likwata akainyoosha pembe ya kitambaa cha mezani.

"Vimeharibika," Likwata akasema. "Jana usiku. Ni uzembe wangu."

Ndugu Tomaso akakohoa. Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa amechoka na safari, na alikuwa na hakika. "Mwalimu, usijisumbue. Mimi mwenyewe nimesoma shule kama hii, nalijua vumbi lake. Hapa mna moyo, vifaa hamna, maji hamna, umeme hamna. Vioo vya mfuko vikiletwa hapa, mwaka mmoja tu vitakuwa kama hivyo vyenu vilivyoharibika. Mjini vitadumu."

Rosalia alikuwa mlangoni na sinia la chai, amekwisha kumpa Leonadi kikombe na kipande cha muhogo. Akaliweka chini.

"Mwalimu anadanganya," akasema.

Wote wakageuka.

"Hakuna uzembe wake hapo. Mimi ndiye niliyevitupa, leo asubuhi, kwenye shimo la choo. Nilidhani ni takataka. Mwambie hivyo huyo mama, neno kwa neno."

Likwata akafasiri. Leonadi akacheka hadi chai ikampalia. Tomaso naye akatabasamu, akafungua kofia ya kalamu. Lakini Daktari hakucheka. Akamtazama Rosalia, kisha akavuta kiti, akaketi.

"Anasema," Likwata akafasiri, "chuoni kwao, alipokuwa msichana, vifaa vyao vilikuwa vile vilivyotupwa na chuo cha Wazungu. Kwa hiyo takataka anaijua. Anasema hakuja kuangalia vyombo. Vyombo anavyo yeye, masanduku ishirini na manane. Amekuja kuangalia vichwa. Anauliza, somo la leo lilikuwa nini?"

"Kukeneka," akajibu Lusia kutoka nyuma. "Kutenga vitu kwa kuvichemsha na kuupoza mvuke."

"Anasema, basi keneka."

"Kwa chombo gani sasa?" Tomaso akauliza. "Kwa kikombe cha chai?"

Hapo Rosalia akatoka. Hakukimbia, lakini kanga yake ilipepea kama bendera. Nyuma ya jiko, chini ya mikorosho bondeni, alikuwa na kitu ambacho kijiji kizima kilikijua na hakuna aliyekitaja. Ule ulikuwa msimu wa mabibo, matunda ya mikorosho hiyo. Watu waliyakamua, maji yake yakachacha yakawa uraka, na uraka hakuna aliyekatazwa. Lakini Rosalia aliuchemsha uraka ukatoa gongo, na gongo ni jela. Kwa gongo ile alimsomesha Lusia tangu darasa la kwanza, baada ya mumewe kufa.

Mtambo wake ulikuwa debe la mafuta ya taa lenye kifuniko kizito, na mrija wa shaba wenye urefu wa mtu, aliouchomoa katika trekta bovu la mradi wa karanga kule Nachingwea, yale matrekta ambayo Waingereza waliyaacha yakaota majani. Mrija ulipita ndani ya mtungi wa maji baridi ukatokea upande wa pili.

Akajitwisha debe kichwani, akakumbatia mtungi, mrija akautundika begani kama bunduki. Akapita katikati ya uwanja, mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima.

Mzee Huseni akamwona, akasimama njiani. "Rosalia! Umeingiwa na nini? Polisi yumo ndani!"

"Nimemwona. Nimempa chai."

"Basi mimi sijaona kitu," mzee akasema, akageukia upande wa msikiti.

Aliposhusha mzigo mlangoni, Leonadi akaacha kutafuna.

"Mama, hicho ni chombo cha nini?"

"Cha kukenekea maji, Afande."

"Maji?"

"Hujasikia somo? Kaa usome."

Wanafunzi wakaangua kicheko, nao mikono yao ikaanza kazi. Likwata alikuwa mtu mwingine sasa. Wakaweka mafiga, wakawasha moto. Lusia akachota maji ya bwawani, mekundu kwa udongo, akatia chumvi konzi nzima, akaonja, akatema. Wakafunga kifuniko, wakaziba nyufa kwa kinyunya cha unga wa muhogo. Mvuke ukapanda, ukapita shabani, ukakutana na baridi ya mtungi, na matone yakaanza kudondoka kwenye bilauri. Meupe. Lusia akampa Daktari, naye akanywa yote.

"Safi," Likwata akafasiri. "Anasema hana ubishi, ni maji safi."

Ndugu Tomaso akachungulia debe. "Kuchemsha maji kila mama anajua."

Na hapa Daktari, ajabu, akakubaliana naye. Akavua miwani, akaifuta. Akazungumza muda mrefu, na Likwata akafasiri kipande kwa kipande.

"Anasema, hiyo ndiyo rahisi. Anataka kuuliza lile aliloliuliza jana shule ya mjini. Tuseme umechanganya vimiminika viwili, vyote vyeupe, huwezi kuvitofautisha kwa macho. Unavichemsha pamoja. Kimoja kitatangulia kutoka, kingine kitafuata. Utajuaje ni wapi cha kwanza kimekwisha na cha pili kimeanza? Mjini walimjibu kuwa wangeangalia kipimajoto. Akawauliza, na kikivunjika? Wakanyamaza. Anasema atakayemjibu hilo bila kipimajoto, huyo anaijua sayansi, hakuikariri."

Kipimajoto kimoja alichokuwa nacho Likwata kilikuwa shimoni, na kitabu chake hakikusema zaidi ya hapo.

Rosalia akamtazama binti yake. Lusia alikuwa amefungua mdomo. Alijua. Amekua anajua, amelala utotoni kando ya moto ule. Lakini macho yake yakaenda kwa askari, yakaja kwa mama yake, na mdomo akaufunga. Akainama akajifanya anasukuma kuni.

"Wanafunzi?" Daktari akauliza. Hakuna aliyeinua mkono.

Tomaso akaanza kufunga faili. Alifunga bila haraka, kwa upole hata, kama mtu anayefunga dirisha la chumba cha mgonjwa. "Basi, ndugu zangu. Mmejitahidi."

Rosalia akaona kuwa mtoto wake amemeza jibu. Amelimeza kwa ajili yake. Masanduku ishirini na manane yamemezwa pale, na sindano imebaki.

"Najua mimi," akasema.

"Mama!" Lusia akasema. "Mama, usi..."

"Wewe kaa kimya, ulipewa nafasi yako." Akajifunga kanga kiunoni. "Mwalimu, fasiri. Na usipunguze."

Akaingia jikoni akarudi na kibuyu cha uraka, akamwaga maji ya chumvi, akamimina uraka ndani ya debe, akafunga, akakanda kinyunya kipya. Alifanya yote bila kutazama mikono. Chumba kizima kikanuka mabibo. Leonadi akasimama wima.

"Matone ya kwanza haya," Rosalia akasema, akaonyesha kikombe cha bati kilipoanza kupokea, "nayamwaga. Kikombe kizima namwaga. Hayo yanatoka mapema mno, yana harufu kali puani, na yanapofusha macho. Kule kwetu Newala kuna mzee mmoja hakumwaga, leo anashikwa mkono kwenda kuoga. Fasiri."

Likwata akafasiri. Daktari akatoa daftari.

"Kinachofuata ndicho chenyewe. Nitajuaje kuwa ni chenyewe? Hivi." Akachukua kijiti chenye moto, akatonesha matone kidogo kwenye kisahani, akagusa. Moto ukawaka wa buluu, mwepesi, karibu hauonekani. "Ukiwaka hivyo, hakuna maji humo. Nangoja. Naonja tena kwa moto. Ukianza kuwaka unasitasita, una ncha ya manjano, maji yameanza kuingia. Napunguza kuni, maana ukichochea sana vyote viwili vinakuja kwa fujo. Ukikataa kabisa kuwaka, ni maji matupu, naondoa. Nimefanya hivi miaka kumi na saba. Kipimajoto sijakiona. Leo nimekitupa kimoja, lakini sikukijua."

Watu wakacheka, hata waliokuwa wanaogopa. Rosalia akarudia kisahani mara tatu, na mara tatu ikawa kama alivyosema: buluu, manjano, kisha kijiti kikazima *chii* kwenye maji.

Daktari akapiga magoti chini, na viatu vyake vya kiume, akashika kuni moja akaivuta nje ya moto, akatazama matone yakipungua mwendo. Akamuuliza Lusia kwa nini, na sasa Lusia akajibu kwa Kiingereza, haraka haraka, habari ya kitu kinachochemka mapema na kinachochemka baadaye, na maneno ya mama yake yakaingia kwenye maneno ya kitabu yakakaa vizuri. Daktari akamuuliza la pili, akajibu. Mwanafunzi wa nyuma akadakia la tatu.

"Anataka kujua," Likwata akasema, "nani aliyemfundisha huyu mama."

"Mwambie njaa," Rosalia akasema. "Halafu mwambie na mama yangu."

Daktari akatoka nje, akaweka karatasi juu ya boneti ya Landrova, akaandika. Tomaso akamfuata.

"Lakini Daktari, hapa hapana sinki."

Jibu lake Rosalia alilielewa kabla halijafasiriwa. Daktari alionyesha bwawa, akaonyesha kilima, akachora bomba hewani kwa kidole. Kisha akampa Tomaso kalamu naye atie sahihi yake. Tomaso akasoma mara mbili. Akamtazama Likwata, akatazama chumba cheupe, akatia sahihi.

"Jumatatu mlete lori," akasema. "Na nyasi za kufungia vioo, nyingi."

Wanafunzi wakapiga vigelegele, wavulana kwa wasichana. Katikati ya kelele hizo Leonadi akaja akasimama mbele ya Rosalia. Alikuwa kijana wa watu, na uso wake ulionyesha kuwa angependa kuwa amepanda basi.

"Mama yangu, shikamoo."

"Marahaba."

"Mimi nimeona kwa macho. Na umesema kwa mdomo, miaka kumi na saba. Watu mia wamesikia."

"Nilisema kwa nguvu ili wasikie."

"Basi inanibidi nikuchukue."

Lusia akaja mbio, akamshika mama yake mkono. Likwata naye akaja. Mzee Huseni, ambaye hakuwa ameona kitu, alirudi kutoka upande wa msikiti na kusema kuwa hapo hapakuwa na gongo, kulikuwa na somo, na kwamba sheria haikatazi somo.

"Mwache afanye kazi yake, baba," Rosalia akasema. "Nilijua tangu nimebeba debe." Akamgeukia Leonadi. "Mimi nichukue. Debe na mrija vinabaki."

"Ni kielelezo, mama. Mahakama itakitaka."

"Ni kifaa cha chuo. Mwalimu amekifundishia mbele ya kamati na mgeni kutoka Amerika ameandika daftarini. Ukikigusa, utakuwa umeiba mali ya umma. Unataka kwenda kumweleza mkubwa wako hivyo?"

Leonadi akafikiri. Akachukua kile kikombe cha bati peke yake, akakinusa, akakifunga katika leso.

"Hiki kinatosha," akasema.

Rosalia akavua aproni akampa Lusia. "Maharage yako motoni. Usiyaache yakaungua kwa sababu ya kulia." Akapanda Landrova, akaketi pale alipokuwa ameketi yule Mgiriki, mbele. Ndugu Tomaso akaona hivyo, akafungua mlango wa nyuma bila neno.

Walifika kituoni Lindi jua limeshainama. Daktari alitaka kuingia naye, Rosalia akamkatalia kwa mkono: nenda kalale, una safari. Ndani, Leonadi akafungua kitabu kikubwa, akalowesha ncha ya penseli.

"Jina?"

"Rosalia Ambrosi."

"Kabila?"

"Mmakonde."

"Makazi?"

"Nandambi, chuoni."

"Kazi?"

"Mwalimu msaidizi wa sayansi."

Leonadi akainua kichwa. "Mama, wewe ni mpishi. Nimekula chakula chako."

"Na somo langu umelisikia. Ulikuwa mstari wa mbele."

"Siwezi kuandika uongo kwenye kitabu cha serikali."

"Basi waulize walioko Nandambi. Muulize yule daktari, hajafika mbali. Muulize Ndugu Tomaso, ametia sahihi." Rosalia akaegemeza viwiko juu ya kaunta, akasogeza uso. Mikono yake bado ilikuwa na chokaa. "Hakimu akinipa miezi mitatu, nitakaa mitatu. Akinipa sita, sita. Lakini sitafungwa kwa jina la mtu mwingine. Andika nilivyosema, mwanangu. Nina muda."

Leonadi akaitazama penseli. Nje, injini ya Landrova ilikuwa inanguruma, haijaondoka. Akainama, akaandika.